Bima Iliyokaa Kwenye Moshi

Karatasi za nyumba hii hukaa juu ya jiko, kwenye dari ya mbao, pale moshi unapopita ukitafuta njia ya kutoka. Mama yangu alikuwa akiweka mbegu za mahindi mahali kama hapo. Mimi nilipoanza kuwa na karatasi nikaziweka hapo pia, ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kikapu kikuukuu cha kuchumia chai. Mchwa hawapendi moshi, na panya hupita kando. Binti yangu mkubwa ana kabati la kioo lenye kufuli, na vyeti vyake vimeota ukungu. Vyangu vinanuka, lakini vinasomeka.

Nataka kueleza siku tuliyoziteremsha zote, kwa sababu watu wa huku wameisimulia vibaya. Wanasema nilimwita ajenti wa bima nyumbani nikamwambia aandike kwamba nina mke. Hilo ni kweli. Lakini wanaishia hapo.

Nilikuwa nimetoka hospitali kule Kaplong. Daktari, kijana mwenye adabu, aliniambia kuna uvimbe tumboni na lazima utolewe. Nikamwuliza kama nitaamka. Akasema wengi huamka. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, nikaomba anipe muda nikatengeneze nyumba kwanza. Akasema hakuna haraka ya mabati, watoto watayapigilia. Alidhani nasema habari ya paa.

Sikuwa nasema habari ya paa. Nilikuwa na bima ya maisha, na mtu aliyeandikwa kulipwa nikifa alikuwa amekufa yeye.

Bima hiyo niliichukua zamani, kwenye kituo cha kupimia majani chai. Tulikuwa tumepanga foleni na vikapu vyetu, lori la kiwanda limechelewa, na mama mmoja wa mjini mwenye buti za mpira na koti safi akawa anapita akieleza habari za bima. Wengi walimkwepa. Kwetu mtu hakai mbele ya watu akapanga kifo chake. Ni kama kukiita kwa jina. Mimi nilimsikiliza kwa sababu nilichoka kusimama na yeye alikuwa amekuja na kiti. Alipomaliza nikaona maneno yake yana maana. Pesa ikawa inakatwa kwenye malipo ya chai kidogo kidogo, hata sikuiona ikienda.

Aliniuliza nikifa alipwe nani. Nikasema mume wangu. Jioni mume wangu aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo nikikuzika nanunua ng'ombe?"

"Nunua," nikamwambia. "Lakini usimpe jina langu."

Ng'ombe hakumnunua. Alitangulia yeye, na jina lake likabaki kwenye karatasi huko juu, kwenye moshi.

Mungu alitupa mabinti watupu. Wote wameolewa na wako kwa waume zao. Sasa, sisi Wakipsigis tuna mila ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa. Nyumba isiyo na mwana haiachwi ianguke. Mama mwenye nyumba, akishapita umri wa kuzaa, anaweza kuoa mke. Anatoa mahari, wazee wanakaa, nyasi zinafungwa mkononi kama ndoa nyingine yoyote, na tangu siku hiyo mama huyo anahesabiwa mwanamume kwa huyo mke. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba hiyo, na mwanamume aliyezaa naye haulizwi. Tunasema ameolewa kwa ajili ya toloch, ile nguzo inayoegemeza nyumba. Hakuna jambo la kitanda ndani yake. Nalisema wazi kwa sababu watu wa mbali huuliza huku wameinamisha macho. Ni jambo la nyumba, la shamba, na la jina lisipotee.

Mume wangu alipomaliza mwaka kaburini, nilioa. Nilimpata ng'ambo ya Longisa, msichana mwenye mtoto mgongoni, ambaye kwao hakuwa na kona ya kuweka sufuria. Ng'ombe wa mahari niliwatoa kwenye zizi langu mwenyewe, na mmoja wao nililia akiondoka, maana alikuwa wa maziwa. Kanisa liliniweka benchi la nyuma kwa muda. Nilikaa huko. Neno la Mungu linasikika hata nyuma.

Ameishi hapa miaka mingi sasa. Huniita mzee, kama mke yeyote wa huku anavyomwita mume wake, na akiniita hivyo sokoni wageni hugeuka kumtafuta huyo mzee. Watoto ni watatu. Mkubwa ni yule aliyekuja mgongoni, halafu mvulana, halafu kasichana kalikoanza shule juzi. Huniita kogo, bibi, kwa sababu ya mvi zangu. Lakini kwa mila mimi ndiye baba yao.

Tatizo lilikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Shamba lake linapakana na letu. Siku moja kwenye matanga ya jirani, akiwa ameshiba, alisema mbele ya watu: "Huyu mama akilala, yule wa kuokotwa atarudi kwao na watoto wake. Cheti chake cha ndoa kiko wapi?" Mke wangu alikuwa hapo hapo akigawa chakula. Alisikia. Alimwekea shemeji nyama kwenye sahani kama alivyowawekea wengine, akapita kwa anayefuata.

Cheti hana. Ndoa yetu iko kwenye vichwa vya wazee, na wazee wanakwisha. Habari ya shamba nilikuwa nimeipeleka ofisi ya ardhi, na huko mambo hutembea kama kinyonga. Bima ndiyo ingelipa haraka. Kwa pesa hiyo mke wangu angewashikilia watoto shuleni na kumlipa wakili siku shemeji atakapoanza. Na kulikuwa na jambo kubwa kuliko pesa. Hiyo ingekuwa karatasi ya kwanza ya ofisi inayosema yeye ni nani hapa. Nikienda kupasuliwa nisiamke, na jina la marehemu likiwa bado hapo, ajenti alinieleza kwa simu, malipo yangeingia kwenye kesi ya ukoo mzima, na huko hushinda mwenye sauti.

Fomu za bima ni za Kiingereza. Mimi nilisoma kidogo. Nasoma Biblia ya lugha yetu, na Kiswahili nasoma polepole. Kiingereza sikukifikia. Kwa hiyo nilimwita binti yangu mkubwa. Yeye ni mwalimu, ameolewa upande wa Fort Ternan, kule miwa inapoanzia. Alikuja Jumamosi asubuhi na mkoba mzito, akatoa vitabu vya kuandikia na kalamu za watoto akaviweka juu ya kabati bila kusema kitu. Hufanya hivyo kila akija. Mke wangu alikuwa ameshaenda kuchuma, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika na lori la majani halingoji mtu.

Tulikuwa wawili tu. Alijifunga leso, akapanda kigoda, akateremsha kikapu, akapiga chafya.

"Mama, hizi karatasi zinanuka kama kibuyu cha maziwa."

"Kibuyu hakijawahi kumuua mtu."

Tukazitandaza mezani. Nilikuwa nimezifunga kwa vitambaa, kila jambo na kitambaa chake. Cheusi ni cha marehemu. Cha kijani ni cha chai. Cha leso iliyochanika ni cha hospitali, na hicho kilikuwa kimenenepa. Binti yangu alifungua kila fungu akasoma kwa sauti, na nyingine nilimwambia achome. Alikuta kadi ya kliniki aliyopimiwa yeye mwenyewe akiwa mchanga. Akaitazama, akaniuliza mbona nimeihifadhi. Nikamwambia hakuna aliyeniambia niitupe. Akaikunja polepole akairudisha. Kisha tukafika kwenye karatasi ya bima, imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na jina la baba yake hapo kati. Aliligusa kwa kidole.

Halafu akafungua mkoba wake akatoa bahasha. Ndani kulikuwa na kopi za vitambulisho, chake na vya wadogo zake wote, zimebanwa vizuri kwa pini.

"Nimekuja tayari," akasema. "Nimewapigia wote, wametuma."

Nilizitazama zile kopi. Nyuso za mabinti zangu zilikuwa zimetoka nyeusi, kama kopi za huko mjini zinavyotoka. Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini ajenti alikuwa tayari mlangoni akifuta matope.

Alikuwa yule yule mama wa kwenye kituo, sasa amezeeka kama mimi, na buti za mpira bado. Wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi wakafungua duka la nguo hapa zamani, na yeye amezaliwa hapa. Hutusalimu kwa lugha yetu, na huivunjavunja kila mara bila aibu. Nilimpa kikombe cha mursik, maziwa yetu yanayogandishwa kwenye kibuyu. Akanywa, akashika karatasi ya bima, akainusa.

"Kogo, hii umeigandisha kwenye kibuyu? Kidogo tu ingekuwa mursik."

Hata binti yangu alitabasamu. Ajenti akatoa fomu mpya, akamsogezea binti yangu kalamu kwa kuwa macho yake mwenyewe yameharibika, akavuta kiti.

"Haya. Tunamwondoa marehemu. Tunamwingiza nani?"

"Mke wangu," nikasema.

Binti yangu hakuandika.

"Mke," ajenti akasema, kama mtu anayerudia idadi ya mayai. "Sawa. Kitambulisho chake kipo?"

"Mama, ngoja." Binti yangu aliweka kalamu chini. "Hata kama ni yeye, usimwandike hivyo. Mwandike mfanyakazi. Au mkwe. Hata binti. Huko Nairobi wakisoma mwanamke ana mke watafikiria mambo mengine kabisa."

"Watafikiria nini?"

"Mama, unajua."

"Sijui. Sema."

Hakusema. Ni kiongozi wa akina mama kanisani kwake, na kuna maneno hayatoki kinywani mwake hata kwa dawa.

"Mwalimu," ajenti akasema, "watu hunyimwa pesa kwa sababu ya uwongo kwenye fomu. Kampuni ikikuta huyu si binti, mtazungushwa mpaka viatu viishe. Ukweli ukiwa mgeni kwao, tunaambatisha barua ya chifu. Bima ni ya mama, anaandika anayemtaka. Na usifikiri ni nyinyi tu. Hata kwetu ilikuwepo. Nyanya ya baba yangu aliolewa hivyo na mama mwenzake, na sisi wote tumetoka nyumba hiyo. Angeandikwa mfanyakazi, mimi leo ningekuwa wa nani?"

Binti yangu aligeuka kwangu, na nikaona kwamba habari haikuwa ya Nairobi hata kidogo.

"Mama, mimi ndiye wa kwanza wako. Ulipotaka mtu wa kushika hii nyumba, nilikuwa nimesimama hapo mlangoni. Nilikuwa na mshahara. Nilikuwa nakununulia mbolea. Hukuniangalia. Ukaenda ng'ambo ya Longisa kumtafuta mtu usiyemjua, eti kwa sababu anaweza kuzaa mvulana."

Ajenti alianza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Wewe una nyumba," nikasema. "Yeye hana nyingine."

"Siku hizi sheria inasema binti pia ana haki kwa wazazi wake."

"Najua. Nilisikia kwenye redio. Redio haikuwepo siku baba yako mdogo alipolipima shamba kwa miguu, na matanga ya baba yako hayajaisha."

"Ungeniita."

Nilimtazama mikono. Ni mikono ya baba yake, mirefu, na wino wa shule umekaa pembeni mwa kucha. Nilijua anangoja neno, na neno nililokuwa nalo halikuwa lile analongoja. Ningemwita afanye nini? Aache watoto wake Fort Ternan aje kulala hapa na fimbo? Nilifanya nilichojua. Mama yangu angefanya hivyo hivyo, na mama yake. Lakini binti anapokwambia alisimama mlangoni hukumwona, huwezi kumwambia mila.

Ndipo mvua ikashuka, ile yetu ya mchana yenye mawe. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikiana. Mke wangu alitokea katikati ya hiyo kelele, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki imetapakaa majani, maji yanamtiririka. Alisimama kizingitini asiingie na matope. Alingoja mpaka mawe yapungue ndipo akasema.

"Mzee, chai ya upande wa chini imepigwa. Upande wa juu tuliwahi, nimeshapima."

"Ingia uote moto."

Aliingia, akamwamkia ajenti, akamwamkia binti yangu, "Habari ya safari, mwalimu." Binti yangu akajibu nzuri. Hivyo ndivyo wamesalimiana miaka yote, hivyo na si zaidi. Kisha macho yake yakaangukia meza, fomu, kalamu iliyolala, na ile bahasha ya kopi. Aliangalia nyuso za mabinti zangu moja moja. Hakuhitaji kuambiwa.

"Lete kitambulisho chako," nikamwambia.

Hakwenda.

"Mzee, kama inaleta shida, wacha. Andika mwalimu na wenzake. Mimi nitachuma."

"Sikukuuliza kama utachuma."

Alikwenda chumbani akarudi nacho, kimefungwa kwenye leso ndogo pamoja na kadi za chanjo za watoto. Akakiweka mezani mbele ya binti yangu kwa mikono miwili, akarudi kwenye moto, akachochea. Binti yangu alikivuta akakisoma. Alinakili jina na namba. Alipofika kwenye nafasi ya kueleza huyu ni nani kwangu, aliacha tupu, akaruka.

Niliona. Ajenti pia aliona, lakini ni mtu wa kazi yake, akaendelea.

"Kuna sehemu nyingine. Huyu mama naye akitangulia, au waondoke pamoja, Mungu apishe mbali, inakwenda kwa watoto. Watoto ni wadogo, hawawezi kupewa pesa mkononi. Lazima kuwe na mtu mzima wa kuwashikia mpaka wakue. Nani?"

Nilianza kufikiri. Nilifikiria mchungaji, nilifikiria kaka yangu ambaye haoni. Lakini sauti ilitoka kwenye moto kabla yangu.

"Mwalimu."

Tuligeuka wote. Mke wangu hakuwa ametugeukia. Alikuwa anavunja kijiti.

"Nikifa mimi na mzee, watoto hawa wataenda wapi? Kwetu hakuna mtu. Huyu mdogo wa marehemu hapo jirani atawatoa kabla udongo wa kaburi haujakauka." Akatia kijiti motoni. "Mwalimu hanipendi. Najua. Lakini hajawahi kuingia hapa bila vitabu vyao."

Binti yangu alikaa wima.

"Nani alikwambia sikupendi?"

"Hakuna."

"Basi usiseme kitu ambacho hujaambiwa."

"Sawa, mwalimu."

"Na yule mvulana, hesabu zake ni mbaya. Nimekwambia umlete likizo akae kwangu. Umemleta?"

"Nilidhani ulisema tu."

"Mimi huwa sisemi tu."

Hii ilikuwa mara ya kwanza nawasikia wakibishana. Huwezi kubishana na mtu ambaye umeamua hayupo. Nilivuta blanketi magotini nikakaa kimya, maana ningeongea ningeharibu.

Ajenti alikohoa kidogo. "Kwa hiyo msimamizi ni mwalimu. Jina lako andika hapo. Halafu hapo chini wanauliza, wewe ni nani kwa hao watoto?"

"Nikiandika mlezi?"

"Mlezi ni kazi. Wanauliza undugu."

Mawe yalikuwa yamekwisha, imebaki mvua ya kawaida. Kuku mmoja aliingia akajipukuta chini ya meza, hakuna aliyemfukuza. Nilijua jibu, na binti yangu alilijua, amelijua tangu siku nyasi zilipofungwa mikononi mwetu na yeye akakataa kuja kwenye sherehe. Mimi nikiwa baba wa watoto hawa, yeye si shangazi yao wala si bibi yao. Angeweza kuandika neno lingine lolote na mimi nisingelitambua, kwa sababu ni Kiingereza. Angeweza pia kusimama akachukua bahasha yake akaenda zake, na mvua isingemzuia; namjua.

Alishika kalamu. Alianza juu, pale alipokuwa ameruka, akaandika neno fupi. Kisha akashuka chini akaandika lingine. Aliandika kwa ule mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa zilizonyooka, kama anawaandikia watoto wa darasa la kwanza.

"Umeandika nini?" nikauliza.

"Juu nimeandika mke."

"Na chini?"

"Dada."

"Dada wa nani?"

"Mama, usinisumbue. Dada yao."

Mke wangu alikuwa ameshika sufuria ya chai. Aliishika muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akamimina vikombe vinne, na cha kwanza akampelekea binti yangu, ingawa kwa desturi ya nyumba hii cha kwanza ni changu. Nilimwona. Nilimwacha.

Niliweka sahihi yangu, ambayo hunichukua muda. Binti yangu akaweka yake. Ile bahasha ya kopi aliirudisha kwenye mkoba, na wakati akiibana nilimwambia awaambie wadogo zake kwamba mimi mwenyewe nitawapigia. Akasema nitapaswa kuwapigia kweli. Niliwapigia. Wawili walinielewa. Mmoja bado hajanielewa, na sijamlazimisha.

Jumatatu tulikwenda kwa chifu. Mzee mmoja kati ya waliofunga zile nyasi bado yu hai, akaja akiwa ameshikwa mkono, akaeleza mbele ya chifu ng'ombe wa mahari walikuwa wa rangi gani na yupi aliyekuwa na pembe moja. Chifu aliandika barua akagonga muhuri. Shemeji yangu alipata habari kabla wino haujakauka, akaja jioni, akakaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake.

"Nasikia umemwandika."

"Nimemwandika."

"Na mwalimu amekubali?"

"Mwalimu ndiye aliyeshika kalamu."

Alikunywa chai yake mpaka mwisho. Alipoondoka alimuaga mke wangu, jambo ambalo si kawaida yake. Sisemi amebadilika. Nasema alimuaga.

Nilikwenda Kaplong kupasuliwa. Asubuhi hiyo mke wangu alikamua ng'ombe gizani ili awahi kunisindikiza, na binti yangu tulimkuta ameshafika getini kabla yetu. Muuguzi aliuliza hawa wawili ni nani wangu. Nilikuwa nimeshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, na nakiri nilikuwa na woga. Nilimsikia binti yangu akimjibu, lakini maneno sikuyashika, walikuwa wananisukuma. Niliamka jioni. Wote wawili walikuwa hapo, mmoja kila upande wa kitanda, na uji umepoa kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshaninywesha.

Ujumbe wa bima ulikuja kwenye simu nikiwa bado wodini. Binti yangu aliusoma na kuutafsiri. Mke wangu akamwomba arudie ule mstari wa katikati, wenye jina lake. Akarudia. Mke wangu akaendelea kukunja shuka.

Karatasi yenyewe ilifika wiki nyingine, nyeupe sana, haina harufu yoyote. Binti yangu alitaka kuipeleka kwenye kabati lake la kioo. Nikamwambia achukue kopi. Yenyewe inakaa hapa. Nilikuwa kitandani, mshono bado unavuta, mlango wa jikoni uko wazi. Niliona kigoda kikisogezwa chini ya dari. Binti yangu alipanda, kikapu mkononi, karatasi mpya ndani. Kigoda hicho kina mguu mmoja mfupi, na mke wangu alipiga magoti akakishika kwa mikono yote miwili.

"Shika vizuri."

"Nimeshika."

"Kinatingishika."

"Nimesema nimeshika, mwalimu. Weka tu."

Akaiweka.